Rimu la Matamba

Kengele yetu si kengele.
Ni rimu la lori la viazi lililopinduka njia ya Chimala,
likapandishwa kona zote hamsini na saba
mabegani mwa wanaume waliokuwa wakicheka,
likatundikwa kwenye mkaratusi kando ya kanisa
kabla mimi sijaolewa huku.

Naftali alilipiga miaka kumi na tisa.
Alikuwa na kipande chake cha nondo,
mahali pa kushika amepazungushia mpira wa baiskeli
kwa sababu asubuhi za Juni chuma huku kinang'ata.
Saa kumi na moja na nusu:
mapigo matatu, kimya, matatu, kimya,
halafu mengi ambayo hakuna aliyeyahesabu.
Nilikuwa nikiyasikia nikiwa bado kitandani,
nikajua mume wangu ni mzima.

Mwezi wa tano kifua kilimchukua.
Mwezi wa sita ikashuka sakitu.
Niliamka nikakuta kinyungu changu kimevaa sanda,
na jua lilipotoka majani ya viazi yakawa meusi
kama yaliyomwagiwa maji ya moto.
Mbegu nilikopa. Mbolea nilikopa.
Wanakikundi walikuja na daftari,
wakakaa, wakanywa uji wangu,
wakaondoka bila kulifungua.
Huruma ile ilinichoma kuliko deni.

Wakaja na wa kanisani. Wakasoma, wakaimba.
Niliwapa viti. Amina sikuwapa.
Usiku nikamwambia Mungu: tusijuane.

Nondo ikabaki nyuma ya mlango, pamoja na majembe.

Siku moja akapita Obeid, mtoto wa Chaula,
kaptura imelowa umande, machozi na kamasi pamoja:
"Mama, mbona siku hizi hamgongi?
Nimechelewa mara tatu. Nimechapwa mara tatu."
Hakuniletea pole.
Alidai saa yake kama mtu anayedai chenji.

Kesho yake niliichukua nondo.
Sikwenda kusali, hilo niseme wazi.
Nilikwenda kwa ajili ya matako ya mtoto wa watu.
Nikapiga vibaya, kwa hasira,
kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa wake:
hili la Naftali,
hili la viazi,
hili la daftari lisilofunguliwa.
Kisha kimya. Sikukipanga.
Mkono ulichoka tu.

Na ndani ya kimya kile nikasikia bawaba ya kina Tweve ikilia.
Mtu akakohoa.
Muuguzi Eliwaza akapiga kiki pikipiki yake mara nne
hadi ikakubali kumpeleka zahanati.
Moshi ukatoboa nyasi za jiko la Chaula.
Kijiji kizima kikiinuka
kwa mkono huu ambao kuomba ulikuwa umegoma.

Nikakaa juu ya jiwe, chini ya rimu.
Chuma bado kilinguruma kwa ndani, kama tumbo la ng'ombe.
Nuru sikuona; ulikuwa ukungu wa kila siku,
ule unaoteremka kutoka Kitulo bila kubisha hodi.
Nikasema, "Haya."
Ndilo neno lote nililokuwa nalo.
Kama hiyo ni sala, sijui.
Nadhani alilipokea,
Yeye ambaye chuma kilimpitia mikononi
naye akalia kuuliza kwa nini.

Sasa ni Novemba. Deni limebaki nusu.
Nimepanda mbegu za kuomba kwa majirani,
ndogo kama mayai ya kware,
na sijui mwakani sakitu itaamua nini.
Obeid hachapwi tena kwa kuchelewa.
Kwa hesabu bado anachapwa.

Mpira wa baiskeli umelika;
vidole vyangu vinaingia palepale vilipokuwa vyake.
Mapigo matatu, na kimya,
kimya ambacho siku hizi nakiacha makusudi.
Mapigo ni ya Obeid na Eliwaza na kina Tweve.
Kimya ndipo ninaposali.