Bukta Juu ya Jiwe

Luhende, tangu tupange chumba hiki Kitangiri
taulo lilikuwa moja, la bluu, lenye picha ya tausi.
Leo nimelikata kwa mkasi.
Kipande chenye kichwa ni chako, mimi nabaki na mkia.
Usinune. Ngoja nikueleze, ila nikiwa nimegeukia ukuta.

Kazi ya Mwaloni unaijua.
Saa kumi alfajiri ndoo ya dagaa iko begani,
maji yake yanashuka mgongoni, yanaingia kiunoni,
yanakaa humo kama mpangaji asiyelipa.
Saa sita suruali imekaukia mwilini,
saa saba barafu inailowesha upya,
na buti za mpira hazivuliwi mpaka hesabu ifungwe.

Kilianza kama sarafu ya shilingi mia,
duara jekundu kwenye mkunjo, paja linapoagana na kinena.
Katikati pakafifia, ukingoni pakawaka,
kama moto wa nyasi unaoacha majivu nyuma.
Nikajikuna mbele ya mama lishe.
Nikajikuna nikipokea chenji.
Nikatoboa mfuko wa suruali makusudi.
Wapagazi wakanibatiza: Mpiga Gitaa.
Nikacheka nao. Ningefanyaje?
Na wewe uliponiuliza mbona natembea nimetanua miguu
nikasingizia gunia la Ukerewe.

Nilijitibu, ndiyo. Limau kwanza.
Luhende, limau usimpe hata adui.
Halafu spiriti. Halafu kitunguu saumu,
ukaingia ukauliza leo tumepika nini.
Mwisho muuza duka akanipa tyubu: "Mchanganyiko huu, unaua kila kitu."
Siku tatu, kimya. Nikatembea kama bwana harusi.
Siku ya nane duara likarudi na ndugu zake,
likavuka paja, likaanza kupanda makalioni.

Nesi Minza wa zahanati hakucheka.
"Mwangaluka," kisha "vua," kama anayedai tiketi.
Akatazama. "Sasa nionyeshe miguu."
Miguu?
Akapanua vidole: ngozi nyeupe, imelowa, inabanduka.
"Shina liko huku. Kila asubuhi chupi inapita hapa,
unaupandisha ugonjwa kwa mikono yako.
Soksi kwanza, chupi baadaye."
Miaka ishirini na sita nimekuwa navaa,
hakuna aliyewahi kunifundisha kuvaa.

Tyubu ya mchanganyiko akaitupa kwenye ndoo.
Akaniandikia dawa ya fangasi tupu,
asubuhi na jioni, kinenani na vidoleni,
ivuke ukingo wa duara kwa upana wa vidole viwili.
"Na ukiona pamepona, usiache. Endelea kama nilivyoandika.
Huyu hujifanya amehama, kumbe amelala."
Nioge nikitoka kazini, nijikaushe mpaka ndani ya mikunjo,
kitambaa cha miguu kisipande kiunoni,
taulo lisiwe la watu wawili.
"Na nguo za ndani unaanika wapi?"

Nikanyamaza.
Unajua ninapoanika: nyuma ya pazia, chini ya shati, gizani,
kwa sababu ya mabinti wa mama Nyanzobe.
"Basi aibu yako ndiyo inayoumwagilia," akasema.

Leo nimefua, nikapanda lile jiwe la nyuma ya choo
ambalo saa sita mchana hata mjusi halikalii,
nikatandaza bukta tatu, moja yako,
na kokoto kila pembe zisirukie ziwani.
Mabinti wakapita na ndoo. Mmoja akaangalia.
Jiwe halikupasuka.

Ziwa lote lile pale chini, linametameta,
na mimi natafuta ukavu
wa upana wa viganja viwili.

Hii ni siku ya kumi na moja.
Jana usiku sikuamka kujikuna.
Niliamka tu, nikasikia sauti, kwaru, kwaru,
nikawasha simu:
umelala fofofo, Luhende, mdomo wazi,
na mkono umezama ndani ya bukta, unapiga gitaa.

Shika kichwa cha tausi.
Nesi anafungua saa mbili.