Spana Kumi na Saba

Karakana ya misheni, Ndanda, mwaka wa pili wa uhuru,
nilikuwa mshika taa wa Bruda Gangolfu.
Kazi yangu: kumulika pale mkono wake unapokwenda
na kunyamaza.

Kunyamaza sikuweza.
Mpishi alikuwa ameninong'oneza kwamba huyu,
kabla ya kanzu nyeusi, aliendesha kifaru.
Kifaru nilichokijua mimi kina pembe.
"Bruda, kilikuwa kinakula nini?"
"Petroli," akajibu chini ya lori. "Na vijana."

Aliyatoa kwa vipande, kama mtu anayetema miiba ya samaki.
Mtoto wa mwoka mikate. Miaka kumi na minane, wakampa kofia.
Kwanza mpakia makombora, halafu dereva,
maana dereva wa kwanza alibaki kwenye theluji.
(Theluji ni nini? Akanionyesha unga.)
Nishani moja. Kuungua mara mbili.
Miaka mitano mfungwa, akichimba makaa ya watu aliowapiga.

Dereva wa kifaru, alisema, haoni dunia.
Anaona ufa wa vidole viwili.
Katika ufa ule ng'ombe ni mguu wa ng'ombe,
na kijiji, Gaudensi, hakiwi kijiji:
ni rangi inayokuja,
halafu ni mtikisiko.

"Uliua wangapi?"
"Spana kumi na saba."
Nikampa.
Nati ilikuwa ya kumi na tatu. Niliiona.
Aliishika tu ile spana, kifuani.

Babu yangu Chilumba alibeba risasi za Wajerumani wa vita vya kwanza
toka Lindi hadi Mahiwa, hadi ng'ambo ya Ruvuma.
Alipomwona Bruda gulioni akasimama wima,
akahesabu, ains, tswai, drai,
kisha akanyoosha kiganja: "Miezi kumi na mmoja. Posho yangu."
Watu wakacheka. Bruda hakucheka.
Mtawa hana mfuko. Jumamosi alikuja na mabati sita,
akapanda juu, akaezeka mwenyewe.
Babu akayatazama, akasema:
"Bado miezi minane."

Kiangazi tukaenda Nachingwea kutafuta chuma chakavu.
Waingereza walikuwa wamelima karanga, wakavuna hasara,
wakaondoka, mashine wakaziachia nyasi.
Na katikati ya shamba lililorudi kuwa pori, kilikuwepo:
minyororo miguuni, kichwa kimekatwa,
kifaru kilichogeuzwa trekta la kung'olea visiki.

Bruda akasimama.
"Hiki si cha kwetu," akasema.
"Hiki kilikuwa kinanitafuta mimi."

Akaingia. Nikasikia gea zikiguswa moja moja,
kama mtu anayepapasa uso wa ndugu gizani.
Kisha kimya. Jua likahama. Nikagonga chuma kwa jiwe.
Ndani ikajibu sauti, kwa lugha yao, majina:
matatu, manne, la tano likakwama.
Labda ni wenzake waliobaki ndani siku ya moto.
Labda ni wa upande wa pili wa ufa;
lakini hao angejuaje majina yao?
Sikuuliza. Siku ile ndipo nilipoijua kazi ya mshika taa.

Alipotoka alisema neno moja, kwa aibu, kama mwizi wa kuku:
"Nilikipenda, unajua. Kile changu. Nilikipenda."

Tulirudi na gea mbili na beringi.
Zinazungusha mashine ya kusaga pale Mwena hadi leo,
na wanawake wanagombana ndoo ya nani ilitangulia.
Bruda yuko makaburini, upande wa watawa:
mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa,
katikati mstari mwembamba
ambao humo ndani sioni kitu.

Mjukuu wangu anajifunza ufundi. Ana maneno mengi.
Juzi, nikiwa chini ya gari la padri, akaniinamia na taa:
"Babu, yule Mzungu wako, aliua wangapi?"

Nikanyoosha mkono.
"Nipe kumi na saba."