Usiku Huanza Lini

Swali la kumi na tisa: usiku huanza lini?
Nikacheka peke yangu. Msimamizi akanikata jicho.

Kwetu Jomsom usiku haukuwa na swali.
Saa nne asubuhi upepo ulishaamka bondeni,
ukikokota changarawe, ukibamiza mabati,
na rubani aliyekuwa bado angani
alikuwa mjinga, au marehemu.
Tulimaliza kazi kabla ya chai ya pili.
Giza tuliwaachia mbwa na watawa.

Nikachagua jibu la kwanza: jua linapozama.
Nikapata sitini na tisa.
Wanataka sabini.

Saa elfu nne na mia moja
zimo katika daftari langu la buluu,
lenye doa la siagi ukurasa wa mwaka ule wa tetemeko
nilipobeba mchele kwenda na majeruhi kurudi,
bila kuandika majina, kwa sababu safu ya majina haikuwepo.
Nililiweka juu ya meza ya Bi Ngaio Tipene.
Alilifungua taratibu, kwa ncha za vidole,
kama anayechungulia mtoto aliyelala.
"Sina shaka nawe," alisema. "Shaka ni ya fomu."

Kathmandu waandike kwamba mimi ni mimi.
Kathmandu wakanyamaza miezi mitatu.
Kisha wakaandika, wakakosea herufi mbili za jina,
na huyo mtu waliyemuumba
alikuwa na leseni safi kuliko yangu.
Tukaanza moja.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi nilipewa ng'ombe mia tano.
Saa kumi alfajiri, Southland, baridi ya kung'oa kucha,
nafunga mirija ya kukamulia chuchu baada ya chuchu,
na mzee Struthers, mwenye zizi, huniita Kapteni
bila kejeli, nadhani.
Ndege za mafunzo hupita juu yetu saa tatu.
Najua kwa mlio tu nani kachelewa kupunguza mafuta.
Namwambia ng'ombe. Hajali.

Braith ana miaka kumi na saba na chunusi kidevuni.
Alipata tisini na nne.
Hunipa lifti kwenye gari lake linalonuka viazi vya kukaanga,
hunihoji njia nzima, akipiga usukani kwa kiganja:
"Usifikiri, Sab. Kariri."
Mimi niliyetua kwenye njia iliyoinama kama paa,
ukuta wa jiwe mbele, mwamba nyuma,
nakariri. Nauma meno, nakariri
umbali kutoka kwenye wingu, rangi za taa,
kimo juu ya kondoo na kimo juu ya watu.

Na hili: usiku huanza
kitovu cha jua kikiwa nyuzi sita chini ya upeo wa macho.
Si tano. Si moyo wako unapoogopa.
Maana yake, kati ya kuzama na kuingia giza
kuna kipande cha mwanga kisicho na mwenyewe,
na huku kusini kabisa kipande hicho ni kirefu.
Milima yangu haikuwahi kunionyesha.
Jua kwetu huangukia nyuma ya ukuta, basi, yamekwisha.

Desemba. Saa tatu usiku na jua bado limekaa kwenye uzio.
Nampigia Muna. Kati yetu ni saa saba na robo;
robo hiyo hakuna anayeielewa hapa.
Anachambua dengu, nasikia sinia.
"Limezama?"
"Sasa hivi."
Tunanyamaza wote wawili, simu inakula pesa.
Malisho yanageuka buluu, kisha rangi nisiyoijua jina.
"Kwani kumeingia giza?"
"Bado. Dakika ya ishirini na mbili.
Bado naruhusiwa kuruka."
"Kwa leseni ipi?" anauliza,
na kicheko chake kinafika kikiwa kimechelewa kidogo.

Nyuma yangu ng'ombe anakohoa.
Mtihani ni Alhamisi.