U ya Wilondja

Jana usiku umeme ulikatika. Tulikaa mlangoni,
Mabatini, juu ya jiwe ambalo nusu yake ni sebule yetu,
nikamfundisha mume wangu kumeza herufi.
Sema: mtu.
Mutu.
Funga midomo kwanza, kama mwenye siri. Mtu.
Mutu, akasema, akacheka,
na jirani ambaye paa lake liko usawa wa miguu yetu
akagonga bati tunyamaze.

Ana miaka tisa hapa. Alivuka ziwa lile jingine usiku,
na mfuko wa bisibisi, na cheti cha ubatizo
kilichokunywa maji hadi kikasahau jina la kasisi.
Mwaloni wanamwita Fundi Mizani.
Mizani ya dagaa ikianza uongo, anaitwa yeye:
huifungua tumbo, hupuliza magamba,
huweka jiwe la kilo mbili, husubiri mshale utubu.
Mwaka jana, siku za msako, alilala stoo
kati ya magunia yangu, usiku tatu.
Alirudi ananuka biashara yangu,
nikajua nimeshaolewa.

Cheti tulikipata bomani, mwezi wa tatu.
Shangazi Nyamizi hakukubali kukaa. Alisema amesimama:
wenzako wanaolewa kwa ng'ombe,
wewe unaolewa kwa faili.
Kweli. Faili ni la kijani, na lina njaa.
Limekula barua ya mtendaji, barua ya balozi,
picha nane zenye kitambaa cha bluu nyuma
ambazo Wilondja anaonekana anaomba radhi kwa kuwa na masikio,
na magunia mawili ya dagaa
ambayo sasa ni risiti.

Nami nikipita Igogo, nje ya uzio wa kiwanda,
namwonea wivu sangara.
Babu alinisimulia: waliletwa na wageni, kwa ndoo,
hakuna aliyewauliza kwao ni wapi.
Wakala furu wote wa watu.
Leo sangara anapanda ndege na karatasi yenye muhuri:
asili yake, Mwanza.
Mume wangu hajala furu wa mtu.

Asubuhi hii, ofisini, walitutenganisha.
Yeye chumba cha pili. Mimi mbele ya afisa kijana
mwenye kalamu iliyofungwa kamba, kama mbuzi wa sikukuu.
Analala upande gani?
Upande wa jiwe. Joto la mchana hubaki humo hadi saa nane.
Anakunywa chai na nini?
Na kelele.
Hilo hakuliandika.
Sukari?
Vijiko vitatu, na cha nne anadhani sikioni.
Ulimpenda kabla ya karatasi, au karatasi ilitangulia?

Mstari wa jibu ulikuwa mfupi kama kidole.
Ningeanzia wapi? Siku ile alipoinama kwenye meza yangu,
mbele ya wateja, akasema:
mama, hii inaiba gramu sitini.
Nikatukana ukoo wake hadi mtu wa saba.
Nilikuwa najua inaiba.

Kabla, nikaandikiwa. Kabla.

Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akijibu.
Mtu, alisema. Mtoto. Mke wangu.
Safi, kama msoma taarifa ya habari,
na kitu kikanichoma: nani huyo?

Afisa akasema, kwa maneno yako mwenyewe sasa,
huyu bwana ni nani kwako?
Ni mutu wangu.
Akainua macho. Kamba ya kalamu ikanyooka.
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza,
m-tu, mu-tu,
mbili kwa mbili, mshale haukutikisika.

Njooni Jumanne, akasema, akafunga faili.

Wilondja alikuwa nje, barabarani,
amesimama juu ya mizani ya kijana wa kupima uzito,
viatu kavua, shati la ndoa limemganda mgongoni.
Muke wangu, akasema, hii inanipunguza.
Akatoa bisibisi.