Kifungu cha Kumi na Nne

Wametupa siku thelathini za kuonja,
bure, ila tutie sahihi hapa chini.
Bi Oksana alisoma kurasa zote kumi na tisa
huku theluji ya Saskatoon ikifuta maegesho.

Kifungu cha kumi na nne:
maktaba itabeba hasara yoyote,
ya yeyote, popote, milele.
Milele, kwa kionjo cha mwezi mmoja!

Mkataba ukapanda ghorofa ya tano
kwa wakili Thorvaldson, mtu wa penseli,
asiye na haraka na yeyote.

Kila asubuhi Delphine huja kaunta:
“Yale magazeti yamefunguka?”
Anamtafuta baba wa bibi yake, mchimba potashi,
tangazo la kifo, mistari mitatu.
“Bado yako kwa mwanasheria.”
Naona haya kulisema tena.

Siku ya ishirini na tisa ukarudi,
kumi na nne imekatwa,
pembeni herufi mbili za jina lake.

Tukaketi watatu mbele ya kioo,
hata makoti hatukuvua,
tukisaka jina ambalo mhariri wa zamani
alilikosea herufi moja,
hatujui ipi,
na saa ya ukutani, isiyosaini chochote,
ikizila dakika.