Tone Moja

Sita, mama. Nimezihesabu tena.
Mbili zimeota pembeni ya ukucha,
ngumu kama kokoto za Bwiru,
na nne zimejipanga kwenye kidole cha kisu,
kile kinachopasua sangara pale Mwaloni
tangu saa kumi alfajiri.

Ulianza na utomvu wa mnyaa,
kisha maji ya betri aliyokupa Kwandu.
Chunjua zikakaa kimya.
Ngozi ya jirani ndiyo iliyoungua,
nyekundu, imechanika; chumvi ikiingia
unaing'ata khanga.

Sasa tunakwenda polepole.
Beseni la maji ya uvuguvugu, dakika kumi,
redio ikisoma bei za pamba.
Msasa wa kucha, taratibu, hadi ile nyeupe ilegee.
Halafu mafuta ya mgando, pete nyembamba
kuizunguka chunjua, ngozi nzima isiguswe.
Tone moja la dawa, katikati. Moja tu.
Plasta. Lala.

Ikiwasha tunapumzika siku mbili,
nawe unalalamika kana kwamba ni mimi
niliyekuumba na vidole.

Wiki ya tisa ikadondoka ya kwanza,
ndani ya beseni, bila kishindo.
Ulipatazama mahali pake
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitegemea.

Jana usiku, nikikufunga plasta,
ulinishika dole gumba, ukaligeuzia kwenye taa.
"Na hii?"
Ndogo, kama punje ya mtama.
Nikanyoosha mkono kuchukua msasa,
ukauficha.
"Tafuta wako," ukasema,
ukamwaga beseni, ukaenda kuchemsha maji mapya.