Mstari wa Saba

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Imelala humu siku ya nne, imelowesha kuni za mkaratusi,
na moshi, badala ya kupanda, unazunguka jikoni
kama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Sakafuni, juu ya jani la mgomba,
amelala ndezi.
Mzito kama mtoto wa miezi minne.
Nilipombeba kutoka bondeni nilijikuta
nimemshika kichwa, kisilegee.

Meno yake ya manjano ni yale yale
yaliyokata mahindi yangu, mstari wa kwanza hadi wa saba:
akaangusha shina, akaonja, akaacha, akahamia la pili,
kama mnunuzi anayeminya maparachichi yote gengeni
asinunue hata moja.

Waya ni wa breki ya pikipiki ya Gwamaka.
Pikipiki iko hapa. Gwamaka yuko Chunya
anachimba dhahabu ambayo mpaka leo
nimeiona kwenye simu tu, na kidole chake kando.
Kitanzi nimekitega mwenyewe,
ngumi moja na dole gumba kutoka ardhini,
kama baba alivyokuwa akipima
siku zile nilipotumwa kuchota maji tu,
si kutazama.

Maji yakichemka unamwaga kidogo kidogo.
Ukizidisha, ngozi inavuka pamoja na manyoya,
na ngozi ndiyo utamu wenyewe.
Kisu unakilaza, unakwangua kutoka mkiani kuja kichwani,
kisha unambabua motoni
mpaka ang'ae kama kiatu cha mchungaji.
Ukifika kwenye nyongo, usiongee na mtu.

"Mama, huyu si panya?"
Tumpale huchagua wakati huo huo.
Panya huiba unga, namwambia, macho yako kwenye kisu.
Huyu aliiba shamba.

Tumboni mwake nikayakuta mahindi yangu.
Laini, ya kijani, bado yananukia utamu,
yamebakiza kidogo kuwa uji.
Nikakaa, kisu mkononi,
kama mtu aliyekuta daftari la deni
mfukoni mwa marehemu.

Chumvi. Tangawizi ya kuponda kwa jiwe.
Majani mawili ya mlimao.
Ndizi mbichi nimezimenya ndani ya maji,
utomvu usinitie weusi vidoleni,
nikazipanga chini, nyama juu, mafuta yashuke yenyewe.
Chungu ni cha kuazima.
Mama mkwe amesema sufuria zake zimempikia askofu,
hazimpikii mwizi.

Saa moja. Saa moja na nusu. Mvua.

Harufu ikatoka nje bila kuniaga, ikavuka ua,
na Anyelwisye akaja kudai chungu chake
akiwa ameshika kijiko.
"Nani kakuwindia?"
Mahindi, nikasema.
Akacheka, akachungulia mlangoni
akitafuta viatu vya mwanamume.
Pale pana ndala zangu, na za mtoto, moja imekatika.
Nikampa paja, akanyamaza.

Tumpale alikula ndizi kwanza, zote,
akiizunguka nyama kama anayezunguka dimbwi.
Kisha akachovya kidole kwenye mchuzi.
Kisha akataka kujua ndezi ana watoto wangapi.
Nikamwambia ale.

Mama mkwe alikaa chumbani na Biblia yake,
mlango ameuacha wazi kiasi cha upana wa mkono.
Usiku, nilipokwenda kufukia makaa,
sahani niliyomfunikia ilikuwa tupu, imeoshwa,
na mifupa imefungwa kwenye jani, kwa kamba ya mgomba,
fundo zuri, la mtu aliyewahi kufunga mengi ya namna hiyo.
Sikuuliza. Asubuhi naye hakuuliza
waya wa breki unafanya nini msumarini,
karibu na kalenda ya kanisa.

Lakini hiyo ilikuwa asubuhi. Usiku ule
nilisimama kidogo mlangoni, mvua imepungua,
na huko bondeni, ng'ambo ya matete,
kitu kikavunja shina.
Kikatulia.
Kikavunja jingine.

Mstari wa nane, nadhani.